Kadi ya Gari Haisemi Ajali

(Mada iliyotolewa na aliyekuwa mweka hazina wa parokia mojawapo ya wilaya ya Kyerwa, mbele ya kamati za parokia za Karagwe na Kyerwa pamoja na wageni wetu wafadhili. Tumeichapa karibu yote kama ilivyosemwa kwa sababu wajumbe wengi waliomba nakala. – Mhariri)

 

 Ratiba inasema nizungumzie utunzaji wa mali za parokia. Mratibu anisamehe, sitazungumzia mali zote. Nitazungumzia gari moja, ambalo baadhi yenu mlilichangia na ambalo hatunalo tena. Katika miaka tisa ya kushika daftari la hazina nilinunua saruji, bati, mbuzi wa mradi na mashine ya kukoboa, na bei zake nyingi nimezisahau. Bei ya gari lile sijaisahau. Ni Sh. 26,400,000.

Zaidi kidogo ya nusu ya fedha hiyo ilitoka kwa marafiki wa parokia walioko Ulaya. Iliyobaki ilitoka kwetu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ilipangiwa kiasi chake, wengine wakatoa maharage, wengine kahawa ya maganda. Mnaukumbuka mwaka 2018. Kahawa ilielekezwa kuuzwa kupitia vyama vya ushirika na malipo yakachelewa kuwafikia wakulima. Wapo waliotimiza ahadi zao kwa kukopa, kabla hawajalipwa kahawa yao. Kuna bibi mmoja wa kigango cha pembezoni aliyeleta Sh. 2,000 mara saba. Daftari ninalo mpaka leo.

Shida iliyotusukuma mnaijua. Mama akipata uchungu pingamizi huko kwetu karibu na mto Kagera, na zahanati ikasema apelekwe Nyakahanga, anapakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na mume wake. Tuliahidi kwamba gari la parokia litakuwa la Padre kuzungukia vigango mchana, na la wagonjwa usiku.

Tukaenda kununua mwezi Novemba 2018. Tulikwenda watatu: mwenyekiti, katibu na mimi. Mwenyekiti ni mkulima, katibu ni muuza duka, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Dereva wetu, ambaye angalau anajua kushika spana, tulimwacha nyumbani ili kuokoa nauli na posho. Tuliokoa Sh. 80,000. Nayo nimeiandika kwenye daftari.

Tulikuwa na haraka. Fedha ya wafadhili ilitakiwa iwe imetumika kabla ya tarehe 31 Desemba, la sivyo irudi. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaijua butura, ile ya mkulima kuuza kahawa yake ingali maua mtini kwa sababu mtoto anatakiwa shule. Mnunuzi wa butura haangalii punje. Anaangalia shida uliyonayo. Yule dalali alitusoma namna hiyo hiyo. Tulimwambia wenyewe, tukiwa tunakunywa soda yake, kwamba tuna mpaka mwisho wa mwaka.

Gari lilikuwa Toyota Prado la zamani kidogo, jeupe, milango mitano. Lilikuwa linang'aa. Tuliwasha injini ikaunguruma vizuri. Tulizungushwa mjini kwenye lami, mwendo wa dakika kumi. Mwenyekiti alipiga honi akacheka. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wetu.

Kisha dalali akatoa karatasi. Naomba niieleze karatasi hii kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyotumaliza. Magari mengi ya mtumba tunayoendesha yanatoka Japani, na huko mengi huuzwa kwa mnada. Kabla ya mnada mkaguzi hulipitia gari na kuandika cheti. Kuna alama ya jumla, kwa kawaida namba; 4 ni gari zuri, 5 ni zuri zaidi. Gari lililopata ajali na kutengenezwa sehemu za mifupa yake haliandikiwi namba, huandikiwa herufi R au RA. Halafu kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Wajapani wanatofautisha. Mlango au bampa likibadilishwa, hawahesabu kuwa gari lina historia ya ajali. Wanahesabu pale chesesi, nguzo au sakafu inapoguswa. Nadhani wako sahihi.

Cheti chetu kilikuwa na 4. Hakuna R, hakuna XX. Nataka mnielewe hapa: cheti kile hakikuwa cha kughushi. Baadaye tulikihakiki kwa namba ya chesesi na kikaonekana ni cha kweli. Gari liliondoka Japani likiwa zima.

Tulilipa, tukasaini, tukarudi kwa Bukoba na Kyaka. Kwenye lami ya kutoka Kyaka kuja Bugene dereva tuliyemkodi alisema usukani unavuta kushoto kidogo. Katibu akajibu ni upepo. Nami nilikubali kwamba ni upepo.

Jumapili iliyofuata Padre alilibariki, kwaya ikaimba, watoto wakapanda mpaka juu ya bampa. Wiki ya tatu, baada ya safari chache za vumbi na mawe ya njia ya Nkwenda, tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Tairi lilikuwa jipya. Nikalipeleka mwenyewe kwa fundi wa Omurushaka, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha.

Aliliingiza juu ya shimo, akashuka na tochi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaita: "Mwalimu, shikamoo tena. Hebu shuka uone mwenyewe."

Aliyonionyesha siku hiyo nitayarudia, maana ndiyo mliyoniitia.

Kwanza chesesi. Upande wa mbele kushoto, nyuma ya bampa, ilikuwa imekatwa na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Mchomeleo wa kiwandani huwa mwembamba na wa namna moja. Huu ulikuwa umevimba kama mkunjo wa chapati. Juu yake palipakwa rangi nyeusi nzito. Sehemu nyingine yote ya chesesi ilikuwa na kutu ya kawaida ya umri wake, pale tu palikuwa peusi pa kupendeza. Fundi alisema: "Mwalimu, ukiona mzee amepaka wanja jicho moja, jiulize hilo jicho lina nini."

Pili, akachukua kamba. Kuna matundu kwenye chesesi yanayolingana kushoto na kulia. Akapima kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, akafunga fundo. Kisha akapima kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Zilipishana upana wa vidole viwili. Nimefundisha hesabu darasa la sita kwa miaka mingi. Kila mwaka nilikuwa nikichora mstatili ubaoni na kuwaambia watoto kwamba mistari miwili inayokatiza pembe kwa pembe ni lazima ilingane. Yule kijana alijifunza kwangu. Mimi nilikwenda kununua gari bila kamba.

Tatu, sumaku. Alikuwa na kipande cha sumaku ya spika ya redio, kimefungwa kitambaa kisikwaruze rangi. Kwenye mlango wa nyuma kilinasa. Kwenye madigadi ya kushoto kilidondoka, maana chini ya rangi palikuwa na puti nene. Angalizo: bampa ni plastiki, sumaku hainasi hata likiwa zima, msije mkakataa gari la watu bure.

Nne, taa. Ya kulia ilikuwa imeingia umanjano wa miaka, ya kushoto nyeupe kama maji ya chemchemi. Boliti za boneti zilikuwa zimekwaruzwa rangi vichwani, ishara kwamba spana ilipita. Kioo cha mbele kilikuwa cha chapa tofauti na vingine, lakini kioo hupasuka hata kwa jiwe la barabarani, kwa hiyo hicho peke yake si ushahidi.

La mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Ukiwasha gari la aina ile, kwenye dashibodi huwaka taa ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga dereva wakati wa kugongana, kisha inazimika. Yetu haikuwahi kuwaka. Sisi tulidhani kutowaka ni dalili njema. Fundi alifungua kifuniko cha katikati ya usukani. Hakukuwa na mfuko. Ulishafumuka siku ya ajali. Mahali pake palikuwa na tambara lililokunjwa ili kifuniko kisicheze.

Nikamuuliza kama linaweza kutengenezwa. Akasema linaweza kunyooshwa likapendeza tena. "Lakini, Mwalimu, likipigwa safari hii litajikunja palepale, na mbele yake hakuna kitu."

Tulikutana usiku ule nyumbani kwa mwenyekiti, watu sita. Mjumbe mmoja, ambaye namheshimu hata leo na hayupo hapa kujitetea, alisema jambo ambalo kila mmoja alikuwa akiliwaza. Sisi hatukuliharibu. Tuliuziwa hivyo. Tulipeleke mjini, libadilishwe tairi na kunyooshwa, tupate mnunuzi mwenye haraka zake. Huku kwetu wafanyabiashara wa madini ya bati hawakosekani. Turudishe fedha ya Wakristo yote, tununue jingine, na wafadhili wasisumbuliwe. Watatu walikubali, wawili wakakataa, mwenyekiti hakusema neno. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu. Afadhali mlisikie kwangu.

Hatukuliuza, lakini hatukusema pia. Tuliandika kwenye muhtasari kwamba suala limeahirishwa. Gari likaegeshwa nyuma ya nyumba ya mapadre chini ya turubai, na kila aliyeuliza tulimjibu linasubiri spea. Taarifa ya mwaka kwa wafadhili niliiandika mimi. Ilisema gari limenunuliwa na limepokelewa kwa furaha kubwa. Kila neno lilikuwa kweli, kama cheti cha dalali.

Tulikaa hivyo miezi sita. Watu si wajinga. Mwaka ule nilikuwa nimeezeka nyumba yangu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na kilabuni paa langu likaitwa "bati za Prado". Mke wangu aliacha kukaa benchi la mbele kanisani.

Juni 2019 alikuja kijana mmoja asubuhi na mapema. Alinisalimu, nikamwitikia. Akasema: "Mwalimu, sikuja kugomba. Kwetu tulichangia debe moja na nusu. Juzi usiku mama watoto nimempeleka kwa pikipiki, mvua inanyesha, akajifungulia njiani kwenye shamba la migomba la watu. Wote wazima, tunamshukuru Mungu. Nimekuja kuuliza tu, hilo gari linaugua nini?"

Sikuweza kumwambia spea. Nilimchukua mpaka kwa Padre, tukafunua turubai, nikampa tochi. Alilala chali kwenye majani mabichi akaingia chini, akapapasa ule mchomeleo kwa vidole. Alipotoka alijifuta mikono, akasema: "Kumbe mngetupakia humu."

Nilikuja nikitegemea anilaumu kwa kutompa gari. Yeye alishtuka kwamba angeweza kupewa.

Jumapili ile mwenyekiti alisimama baada ya matangazo akaeleza yote, na mimi nikasoma hesabu. Baada ya Misa waliokuwa wakitaka kuona walionyeshwa, wakapanga mstari. Wiki hiyo hiyo tuliwaandikia wafadhili.

Wakati huo tulifanya pia jambo ambalo tungelifanya siku ya kwanza. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu ambaye hakuwa dalali wala yule aliyesaini kama muuzaji. Tulikuwa tumepewa fomu ya uhamisho iliyokwisha kusainiwa, tukaona ni utaratibu wa mjini. Tukamtafuta mwenye jina. Ilituchukua siku mbili, ni mtumishi wa serikali katika mkoa wa jirani. Alishangaa: "Hilo gari bado linatembea?" Alikuwa amepata nalo ajali, kampuni ya bima ikaona gharama ya matengenezo haifai, ikamlipa na kuchukua mabaki. Bima huyauza mabaki hayo, na si kosa. Wapo wanaoyanunua kwa ajili ya injini na vipuri. Mnunuzi wa mabaki yetu aliyanyoosha. Ukweli wote ulikuwa umbali wa simu moja, na jina la kuulizia lilikuwa limechapwa kwenye kadi tuliyoishika mkononi.

Maana kadi inasema gari ni la nani, namba ya injini na ya chesesi, rangi na mwaka. Haisemi lilipatwa na nini. Wengine huniuliza, je, TBS si hukagua? Ukaguzi unaosimamiwa na TBS ni wa gari lililotumika linapoingizwa nchini. Hauwezi kujua litakalotokea miaka mitatu baadaye kwenye kona fulani. Hata stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama inakuambia juu ya breki na taa za siku ile.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Tulimwona wakili. Alituambia kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamlinda aliyedanganywa, lakini muuzaji akiwa alinyamaza tu, mahakama itauliza kama mnunuzi angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kisha akatusomea tulichosaini: "Nimelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo." Simu ya dalali ilikuwa haipatikani tangu Januari. Tuliacha.

Agosti 2019 tuliliuza. Tulibandika tangazo lenye neno AJALI kwa herufi kubwa. Mkataba ulikuwa na picha sita na maelezo ya fundi, na sharti kwamba chesesi ikatwe. Aliyenunua ana gereji, alihitaji injini na gia boksi. Dereva wetu alikwenda kushuhudia ikikatwa. Tulipata Sh. 9,800,000. Yule mjumbe wa usiku ule husema katika kila mkutano kwamba ukweli uliigharimu parokia Sh. 16,600,000. Nimeipiga hesabu yake mara nyingi, na kwa hesabu za toa haina kosa.

Sasa kwa ninyi wafadhili, naomba mnivumilie. Barua yenu ilijibu ndani ya wiki tatu. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa na maswali manne, na la kwanza lilikuwa: nani alilikagua gari? Hatukuwa na jina la kuandika. Mlisimamisha awamu iliyofuata mpaka tuandike kanuni za manunuzi, na hilo lilikuwa haki. Lakini nami nina swali. Tunapoandika mradi wenye gari, fomu yenu ina mstari wa bei, wa bima, wa usajili na wa mafuta. Sijawahi kuona mstari wa ukaguzi. Na ile tarehe ya 31 Desemba, je, haiwezi kusogezwa pale kamati inapoleta barua ya fundi ikisema gari tulilopata halifai? Sisemi tarehe ndiyo iliyotuuzia gari. Tulisaini wenyewe.

Mwaka 2021 tulinunua jingine. Tulitenga Sh. 150,000 ya fundi, mbali na nauli yake na malazi. Alikataa magari mawili. Mwenye gari la pili alitutukana, akasema watu wa kanisa hawana imani. La tatu lilikuwa na bonde kwenye mlango wa kushoto, muuzaji akaomba radhi akataka kulinyoosha kabla ya kutukabidhi. Fundi akamwambia aliache hivyo hivyo. Tulimpigia simu mwenye jina kwenye kadi kabla ya kutoa hata shilingi, akatueleza mpaka mti alioupiga akirudi nyuma.

Fomu yetu ya ukaguzi iko kwa katibu pale mezani, nakala ni ishirini, naomba kila parokia ichukue moja na kuidurufu. Gari lenyewe liko nje chini ya mparachichi, bonde lake bado lipo. Fundi amekuja nalo, na kamba yake na sumaku. Anayetaka kuingia chini aingie sasa, kabla ya chakula, maana baada ya hapo linakwenda kumchukua mgonjwa Kaisho.